Nilisema Anadeka

Jumapili. Asubuhi imenyesha, mvua ikakatika kabla ya adhuhuri, na sasa jua limerudi na lile joto la unyevunyevu linaloigandisha nguo mgongoni. Nyumba iko kimya. Mume wangu ameondoka saa nzima iliyopita kurudi kazini Lugoba, na leo hakuniaga kama anavyoniaga siku zote.

Ana haki.

Blogu hii niliianzisha kwa ajili ya insha za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Leo naandika ya kwangu. Majina nimeyabadilisha, na mwenye maumivu yake nimemwomba ruhusa, akanipa. Wanafunzi mtakaoipata, someni, ila msije mkaniuliza darasani.

Tumeolewa wawili. Mimi ndiye mke mkubwa, huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu, nina mabinti watatu ambao wote wameshatoka nyumbani. Mke mwenzangu nitamwita Zuhura. Ana miaka thelathini na minane, ni fundi cherehani, na ndoa yake ina miaka sita. Tunaishi ua mmoja hapa Bagamoyo, mimi nyumba ya mbele, yeye vyumba viwili vya uani. Mume wetu ni fundi wa mashine kwenye machimbo ya kokoto, huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Kupika ni kwa zamu: wiki yangu, wiki yake.

Zuhura hajajaaliwa mtoto. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo hamtauelewa ubaya wangu. Miaka sita hii majirani wamenisifu kwamba nina subira, kwamba hawajawahi kusikia sauti yangu na ya mwenzangu zikigongana. Sasa nasema ukweli. Subira yangu ilikuwa na kiegemeo. Yeye alikuwa na ujana na mkono mwepesi wa kushona na kucheka. Mimi nilikuwa na watoto. Kila nilipoona wivu unapanda nilijiambia hivyo, nao ukashuka.

Jumanne, wiki tatu zilizopita, Zuhura aliamka shingo imekaza. Nilimwona anatoka chooni amegeuka mwili mzima kunitazama, kama mtu aliyefungwa ubao. Nikamwambia kalala vibaya. Nikampa dawa yangu ya kuchua, akaipokea, akarudi kwenye cherehani. Nilisikia inalia kidogo, kisha ikanyamaza. Sikwenda kumwangalia. Nilikuwa nasahihisha madaftari.

Jumatano ilikuwa bado wiki ya zamu yangu ya kupika. Nikapika wali wa nazi na changu wa kupaka, chakula ambacho Zuhura hakiachi hata kwa dawa. Nikampelekea sahani yake. Niliporudi kuchukua vyombo, wali ulikuwa vilevile, samaki hajaguswa. Akanionyesha kwa mkono kwamba hataki. Pembeni yake alikuwa na kopo lililowekwa karatasi za chooni, na nikiwa pale pale mlangoni akainama akatema mate ndani yake. Akafuta mdomo. Dakika haijapita, akatema tena.

Hapo moyo wangu ukafanya kitu ambacho nimeona aibu kukiandika tangu nimefungua ukurasa huu.

Nilidhani ana mimba.

Mwanamke wa Pwani akiona mwenzake anakataa chakula na kutema mate ovyo, anajua tafsiri moja tu. Nilisimama pale na sahani mkononi. Sikuona shingo iliyokaza. Sikuona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, wala kwamba tangu asubuhi hakuwa ametamka sentensi iliyokamilika. Niliona kitanda cha mtoto uani. Nilimwona mume wangu anakuja kila wiki badala ya kila wiki mbili. Na nikaona, kwa akili yangu iliyopotoka, kwamba Zuhura ananionyeshea makusudi, kwamba hiyo shingo ni kisingizio na mate ndiyo habari yenyewe.

Nikachukua sahani bila kumwuliza lolote.

Jioni ile, kabla ya magharibi, simu yangu ikaita. Alikuwa mume wetu. Amempigia Zuhura mara tatu hapokei, akaniuliza kuna nini. Nilikuwa nimesimama uani naanua nguo.

"Hana neno," nikamwambia. "Kalala vibaya, shingo inamuuma. Anadeka tu."

"Mbona hapokei simu?"

"Ndiyo kudeka kwenyewe huko. Anataka uje."

Kisha akauliza, "Nije?"

Aliuliza kweli. Ilikuwa katikati ya wiki, lakini aliuliza.

"Uache kazi kwa ajili ya shingo? Akiona umekuja kwa hili, kila mwezi atakuwa na ugonjwa wake."

Akacheka. Nami nikacheka. Nikakunja shuka.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni kama saa nane na nusu mchana. Zuhura alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake, ameinamia mbele, mikono kwenye magoti, mdomo wazi. Mate yalikuwa yanamdondoka yenyewe, hayafuti tena. Na alikuwa anapumua kwa sauti. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayevuta uji wa moto kutoka kwenye kikombe, lakini kila pumzi, bila kupumzika.

Aliinua macho akanitazama.

Nikampita.

Nitaiacha sentensi hiyo peke yake kwa sababu nimetumia wiki tatu kuifunika. Nilimpita na mkoba wangu wa madaftari. Niliingia ndani, nikabadili nguo, nikatawadha, nikatandika mswala niswali adhuhuri niliyokuwa nimeichelewesha. Dirisha la chumba changu linatazama uani. Nilisali rakaa nne huku nikiisikia ile pumzi, na mpaka leo sijui nilisoma nini. Nilipotoa salamu, nikakaa. Nilijiambia, akizidiwa ataita.

Akizidiwa ataita.

Kilichonitoa ndani hakikuwa huruma. Laiti ingekuwa huruma. Lilikuwa kopo lililoanguka na kubingirika kwenye saruji, na baada ya hapo sikusikia ile sauti ya kuvuta. Nikatoka mbio bila viatu. Alikuwa bado ameketi, lakini ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, pua zimetanuka, na midomo imepoteza rangi yake. Alipoona nimekuja akachukua simu yake mapajani akaandika kwa kidole kimoja, akanigeuzia kioo nisome.

*Dada siwez kumeza hata mate. Nikilala napaliwa. Pumzi inakata*

Hata mate.

Alikuwa anatema kwa sababu hayapiti. Siku mbili nzima mwanamke huyu hakuweza kumeza mate yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nayahesabia miezi.

Nikamfunga kanga, nikasimamisha bajaji, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, hajamzidi sana mwanangu wa kwanza kwa umri, lakini alipomsikia anavyopumua alisimama mara moja. Alimwambia afungue mdomo, ukafunguka nusu. Akamulika tochi. Akasema nyuma ya koo pamevimba, ukuta umesukumwa mbele. Joto la mwili limepanda kidogo. Akampeleka eksirei ya shingo, akarudi na picha, akanieleza kwamba anaogopa ni jipu nyuma ya koo, na jipu la mahali pale likikua linaweza kuziba njia ya hewa. Lazima aende Dar es Salaam leo hii.

Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Ameanza kuumwa lini?"

"Jana," nikasema.

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka kama jibu la salamu.

Zuhura alikuwa ameketi kitandani na kinyago cha oksijeni. Hakutingisha kichwa, hakuweza. Aliinua mkono akanyoosha vidole vitatu. Daktari akavitazama vile vidole, akanitazama mimi, akaandika tatu.

Gari la wagonjwa likatuchukua. Zuhura hakuweza kulala chali. Walipojaribu alipaliwa, macho yakamtoka. Basi akakaa, na muuguzi akaniambia nikae nyuma yake nimshike mabega shingo isitikisike. Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Barabara ya kwenda Dar mnaijua ina matuta, na pale Kerege yamefuatana. Dereva alipunguza mwendo kadiri alivyoweza, lakini kila tuta Zuhura aliukamata mkono wangu akaubana, na mimi nilisikia mgongo wake wote kifuani kwangu ukihangaika kutafuta hewa. Sijawahi kumshika Zuhura hivyo. Miaka sita, na sikuwa najua ni mwembamba kiasi gani.

Nilisoma kila dua niliyoijua. Katikati ya dua nikajikuta nabishana na Mungu, namwambia asimchukue, kwa sababu akimchukua nitakuwa nimemuua mimi. Hata ile dua ilikuwa ya kujiokoa mwenyewe.

Hospitali kubwa walimpokea haraka. Walizungumza kuhusu kumpeleka chumba cha upasuaji watoe usaha. Lakini daktari mmoja, mtu mzima, mpole wa sauti, akasema kwanza apigwe picha ya CT. Na kabla ya picha ile, kwa kuwa ni mwanamke wa umri wa kuzaa, lazima apimwe mimba.

Nilikuwepo majibu yalipoletwa. Muuguzi alisema kwa wepesi tu, "Hana, twende." Zuhura akafumba macho. Machozi yakashuka yakaingia kwenye kile kinyago. Mwanamke hana pumzi, hajui kama ataiona kesho, na bado palikuwa na nafasi moyoni mwake ya kutumaini hilo. Nilichokuwa nakiogopa mimi kama kifo, yeye alikuwa anakiomba hata pale.

Nikatoka nje nikasimama ukutani.

Picha ilionyesha kwamba si jipu. Yule daktari mtu mzima alituonyesha kwenye kioo, mimi na mume wetu, aliyekuwa amefika alfajiri ya Ijumaa akiwa bado na vumbi la kokoto kwenye nyusi. Juu kabisa mwa shingo, mbele ya mfupa, nyuma tu ya koo, palikuwa na alama ndogo nyeupe, kama punje ya mchele. Akasema hayo ni madini ya chokaa yaliyojikusanya ndani ya kano la msuli unaoinamisha kichwa. Wakati mwingine hukaa pale miaka na mtu asijue. Siku mwili unapoanza kuyayeyusha, kano linawaka, nyama za jirani zinajaa maji, uvimbe unalisukuma koo mbele. Ndiyo maana shingo inakaza na mate hayapiti. Akasema ni nadra uvimbe huo kufika kubana hewa, lakini kwake ulikuwa mkubwa, na mgonjwa asiyemeza akipaliwa na mate yake anapata hofu, na hofu nayo inaila pumzi.

Mume wetu akauliza kama ni kwa sababu ya kuinamia cherehani. Daktari akasema hapana, hawajui hasa kwa nini inampata huyu na kumwacha yule. Si chakula, si kazi, si mtu.

Aliposema "si mtu," nilimwona mama yake Zuhura ameinua kichwa. Alikuwa amekuja kutoka Fukayosi na mjomba mmoja, na tangu afike alikuwa hanisemeshi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akajibu marahaba akitazama pembeni. Walikuwa wanazungumza Kikwere na yule mjomba, na mimi Kikwere sikijui, lakini jicho halihitaji mkalimani. Shingo ya mke mdogo haikazi bure, wakati mke mkubwa yupo.

"Hatukati," daktari akamalizia. "Uvimbe utashuka kwa dawa. Tungemfungua shingo bure."

Wakampa sindano na vidonge vya kushusha uvimbe, mkanda wa kushikilia shingo, na wakamweka mahali wanapomwangalia pumzi saa zote. Siku ya pili akapumua bila ile sauti. Siku ya tatu akameza kijiko cha uji pasipo kukunja uso, na mume wetu, mtu mzima yule, akageukia dirishani akalia. Wiki haikuisha tukarudi naye Bagamoyo.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningeitwa shujaa.

Na ndivyo nilivyoitwa. Mume wangu alinishika mikono miwili mbele ya watu akasema, "Mama Rukia, Mungu akulipe. Mwingine angemwacha." Wanawake wenzangu wa darsa la Jumamosi wakanitumia ujumbe mmoja baada ya mwingine, kwamba mimi ni mfano wa uke wenza. Mwalimu mkuu akanitaja kwenye kikao cha walimu. Nilikuwa nasema "Ah, ni wajibu tu," na watu wakaupenda zaidi unyenyekevu wangu.

Kisha mama yake Zuhura akaja tena. Safari hii alishika kuku jike, mnono, miguu imefungwa kwa ukili. Akakataa kiti, akakaa mkekani karibu nami.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikudhania vibaya. Kule hospitali nilisema maneno mabaya juu yako kwa lugha usiyoijua. Nisamehe. Wewe ndiye uliyeniwekea mtoto."

Akanipa kuku. Nikampokea. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Mimi. Nikamsamehe yeye.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa najipikia ugomvi: mbona hakufa, mbona mwisho wa yote nilimpeleka mimi, nani mwingine alikuwepo? Yote kweli. Lakini kila nikifika kwenye ile sentensi, nikampita, hoja zinakatika.

Jana, Jumamosi, nilikwenda uani. Zuhura alikuwa anapindia sketi za shule kwa mkono, mkanda wa shingo ameshauvua, kichwa bado anakigeuza pole pole. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote. Nilimwambia nilivyodhani ana mimba. Nilimwambia nilivyomjibu mume wetu kwenye simu. Nilimwambia kwamba Alhamisi ile nilimwona na nikampita nikaenda kuswali.

Hakuacha kushona.

"Nilikusikia," akasema. "Siku ya simu. Ulikuwa unaanua nguo hapo hapo, dirisha langu liko wazi. Nilisikia 'anadeka.' Nilisikia na kicheko."

Nikashindwa pa kuweka uso. Nikasema jambo la kipumbavu. Nikasema, "Ungeniita basi."

Akainua macho. "Ningekuita na nini, dada?"



Akakata uzi kwa meno. Akasema hanilaani, kwa sababu mkono uliomshika mabega njia nzima ni wangu pia, na hilo hatalisahau. "Lakini na lile lingine sijalisahau," akasema. "Mama yangu alikuomba radhi. Akakupa kuku, ukamchinja, ukala. Mimi nilikuwa nimekaa hapa nakutazama unavyokula."

"Zuhura, nisamehe."

"Usiniombe mimi peke yangu. Mwambie Baba Rukia. Mimi nikimwambia nitaitwa mchongezi, mke mdogo mwenye fitina. Atakayeaminiwa ni wewe. Siku zote ni wewe."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Neno langu ndilo lililokuwa na uzito katika nyumba hii, na nililitumia kumkalia mtu asiyekuwa na sauti.

Mume wetu alikuwa nyumbani mwisho huu wa wiki. Leo baada ya chakula cha mchana nilimwomba akae. Nilimsimulia kwa mpangilio, kama ninavyowafundisha watoto wa watu kuandika, mwanzo, kati, mwisho, ili nisipate pa kurukia. Sikujitetea. Nilipofika kwenye simu akaniinulia mkono ninyamaze.

"Nilikuuliza nije," akasema.

"Uliniuliza."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Sikujua anaumwa hivyo. Lakini sikutaka kujua."

Nilimsubiri anigombeze, ningependa anigombeze. Badala yake akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Angekufa yule, ningesimama msibani mbele za watu nikakushukuru wewe kwa kumuuguza."

Akainuka, akaenda uani. Walizungumza sijui nini. Sikusogea dirishani kusikiliza. Hilo moja naweza kusema kwa usafi. Alipotoka akachukua begi lake. Kwenye mlango wa mbele akasimama, akaniambia kwamba kuanzia sasa akitaka kujua hali ya Zuhura atamwuliza Zuhura, na akitaka kujua hali yangu ataniuliza mimi. Akaondoka. Hakunipa mkono.

Sijui wiki mbili zijazo atakuja na uso gani. Sijui kama ndoa ya miaka ishirini na tatu inaweza kukaza mahali fulani na kisha ikalegea kwa dawa na muda, au kuna za kukaza moja kwa moja.

Mama yake Zuhura bado hajui. Nimemwuliza Zuhura kama niende Fukayosi. Amesema yule ni mzee wa presha, nisiende kuutua mzigo wangu kwenye kichwa chake nikarudi mwepesi. Amesema kuna mengine natakiwa kuyabeba mwenyewe. Nimeona ni kweli, ingawa ningependelea kwenda. Kukiri nako nimegundua kuna starehe yake, na nisipojiangalia nitaanza kuitafuta hiyo starehe.

Yale maneno ya darsa ya kunisifu, hata hivyo, siwezi kuyaacha. Nimeandika kwenye kikundi kwamba nilichelewa siku tatu kumpeleka mwenzangu hospitali, kwa wivu, na kwamba wasinitolee mfano. Ujumbe umesomwa na karibu wote. Hakuna aliyejibu.

Jua linashuka nyuma ya nyumba za Majengo. Zuhura anashona, nasikia mashine inakwenda, inatulia, inakwenda. Kila ikitulia nashtuka. Sijui nitashtuka hivi mpaka lini.

Sina ahadi kubwa ya kuandika hapa. Asubuhi, kabla sijaenda shule, nitapita uani nimwulize ameamkaje, na akinijibu "salama" sitaondoka kabla sijamtazama usoni nione kama ni kweli.